Si Kila Mwasho ni Kandida

Mpishi anayekanda unga wa maandazi jioni ili akaange alfajiri hufanya kazi pamoja na viumbe asioweza kuwaona. Katika kijiko kimoja cha hamira kavu mna mabilioni ya seli zilizolala. Zikipata maji vuguvugu na sukari huamka, huila sukari hiyo na kutoa hewa ya kaboni dioksidi, nayo hewa hiyo ndiyo inayouumua unga. Hamira si mmea wala si mnyama. Ni kuvu, jamaa ya uyoga na ya ukungu unaoota juu ya mkate uliokaa siku nyingi.

Iko hamira nyingine isiyokaa jikoni. Makazi yake ni mwili wa binadamu, na wataalamu huiita Candida albicans, au kandida kwa ufupi. Kwa kawaida huishi kwa amani ndani ya mwenyeji wake. Lakini hali ya mwili ikibadilika, huongezeka kupita kiasi na kuleta ugonjwa uitwao kandidiasi, ambao watu wengi huuita fangasi tu. Inakadiriwa kwamba wanawake watatu kati ya wanne huupata angalau mara moja katika maisha yao. Watoto wachanga, wagonjwa wa kisukari, wazee na wanaume nao hawakusalimika.

Kwa kuwa ugonjwa huu unajulikana sana, watu wengi huamini kwamba kuutambua ni jambo jepesi: ukiwashwa, una kandida. Imani hiyo inastahili kuchunguzwa. Mwaka 2002 watafiti nchini Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wa wanawake 95 waliokuwa wakinunua dawa ya kandida dukani baada ya kujitambulia ugonjwa wao wenyewe. Walipopimwa kwa makini, karibu theluthi moja tu walionekana kuwa na kandida peke yake. Waliobaki walikuwa na maradhi ya bakteria, au mchanganyiko wa maradhi, au sababu nyinginezo, na baadhi yao hawakuwa na ugonjwa wowote. Wanawake hao hawakuwa wajinga, wala dalili walizozihisi hazikuwa za uongo. Kosa lilikuwa katika kuzisoma. Basi ni vema kuuliza: dalili za kandida husema nini, na ni jambo gani zisiloweza kulisema?

MGENI ANAYEISHI NASI

Kosa la kuisoma kandida vibaya lina historia ndefu. Mwaka 1839 daktari wa Kijerumani, Bernhard Langenbeck, aliona kuvu katika utando mweupe uliokuwa kinywani na kooni mwa mgonjwa aliyefariki kwa homa kali. Macho yake hayakumdanganya, kwa maana kuvu ilikuwapo. Lakini alidhani kwamba kuvu hiyo ndiyo iliyoleta homa, kumbe ilikuwa imefaidika tu na udhaifu wa mgonjwa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1842, David Gruby alieleza mjini Paris kuvu hiyo katika utando wa vinywa vya watoto wachanga. Jina Candida lilitolewa mwaka 1923 na mtaalamu wa mimea wa Kiholanzi, Christine Berkhout. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya weupe.

Seli moja ya kandida ina umbo la yai, na upana wake ni kama mikroni 4 hadi 6, yaani ni ndogo kidogo kuliko chembe nyekundu ya damu. Huzaana kwa kuchipua: uvimbe mdogo hutokea ubavuni mwa seli, hukua, kisha hujitenga na kuwa seli mpya. Watu wengi wenye afya njema huwa nayo kinywani, tumboni na katika mikunjo ya ngozi. Wanawake wapatao 10 hadi 20 kati ya kila 100 huwa nayo ukeni bila ya dalili yoyote. Jambo hili lapaswa kukumbukwa, kwani laonyesha kwamba kuwa na kandida si sawa na kuugua kandida.

Kinachoizuia isitawale ni majirani zake na walinzi wa mwili. Ukeni huishi bakteria wa jamii ya Lactobacillus, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa yakawa mtindi. Bakteria hao hutengeneza asidi ya maziwa, hata kipimo cha uasidi, yaani pH, kikawa kati ya 3.8 na 4.5. Hula chakula ambacho kandida ingekila na kushika nafasi ambayo ingeishika. Chembe nyeupe za damu nazo hulinda doria.

Mambo yanayovuruga ulinzi huo yanafahamika. La kwanza ni dawa za viuavijasumu: mtu anayezimeza kwa ajili ya ugonjwa wa kifua au wa mkojo huua pia bakteria wema, na kandida, ambayo si bakteria, hubaki bila mpinzani. La pili ni mimba, ambayo huongeza homoni ya estrojeni na akiba ya wanga katika ngozi laini ya uke. La tatu ni kisukari kisichodhibitiwa, kwa maana kandida hupenda sukari kama hamira ya jikoni inavyoipenda. La nne ni kila jambo linalodhoofisha kinga ya mwili, kama vile virusi vya UKIMWI, dawa za saratani na dawa za jamii ya steroidi zinazotumiwa kwa muda mrefu. La tano ni unyevu na joto katika ngozi isiyopata hewa.

Mkate, maandazi au vitumbua vilivyoumuliwa kwa hamira havileti ugonjwa huu. Hamira ya jikoni na kandida ni ndugu wa mbali, wala mmoja hageuki kuwa mwingine.

KWA NINI DALILI HUFANANA

Kandida ikipata nafasi hubadili umbo. Seli zenye umbo la yai hurefuka zikawa nyuzi nyembamba, na nyuzi hizo hupenya katika ngozi laini. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba nyuzi hizo hutoa sumu, wakaipa jina la kandidalisini. Sumu hiyo hutoboa seli za ngozi. Mwili, ukiona umejeruhiwa, hupeleka damu na walinzi mahali hapo. Ngozi hupata joto, huwa nyekundu, huvimba, huuma na kuwasha.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya dalili ambazo mgonjwa huzihisi haitoki kwa kandida yenyewe. Ni jibu la mwili. Na ngozi ina njia chache tu za kulalamika: hujibu kwa mwasho, wekundu, uvimbe na maumivu, awe adui ni kuvu, bakteria, sabuni kali au kitambaa kisichoipatana. Mlango mmoja unaweza kugongwa na wageni wengi, na mlio wa kugonga usitofautiane. Hiyo ndiyo sababu ya msingi inayofanya mwasho peke yake usitoshe kuutambulisha ugonjwa. Ili kumjua mgeni, ni lazima kutazama mambo mengine: mahali, rangi, uzito wa ute, harufu, na hali ya mtu mwenyewe.

DALILI KWA SEHEMU ZA MWILI

Kinywani. Mtoto mchanga mwenye kandida huonekana na mabaka meupe juu ya ulimi, ndani ya mashavu na kwenye kaakaa. Huweza kulia anaponyonya, au kulikataa titi. Wazazi wengi huyadhania mabaka hayo kuwa ni maziwa. Njia ya kutofautisha ni rahisi: maziwa yakipanguswa taratibu kwa kitambaa safi na laini huondoka mara moja, lakini utando wa kandida hushikilia, na ukiondoka huacha pahali pekundu panapoweza kuvuja damu kidogo. Chuchu za mama nazo huweza kuuma na kuwasha, hivyo mama na mtoto huchunguzwa pamoja. Miongoni mwa watu wazima, ugonjwa huu huwapata zaidi wenye meno ya bandia, wenye pumu wanaovuta dawa za steroidi bila kusukutua baadaye, na wenye kinga dhaifu. Mabaka meupe yasiyotoka kabisa hata yakipanguswa ni jambo jingine, na yanapaswa kuonwa na daktari kwa sababu baadhi yake huweza kugeuka saratani.

Katika ngozi. Kandida hupenda mikunjo yenye unyevu: chini ya matiti, kwenye kinena, makwapani, na chini ya nepi ya mtoto. Ngozi huwa nyekundu na yenye kung'aa, na kandokando ya wekundu huo hutawanyika vipele vidogo, mithili ya visiwa karibu na pwani. Hapo ndipo inapotofautiana na choa. Choa huletwa na kuvu za aina nyingine ambazo si hamira, na alama yake ni duara lenye ukingo ulioinuka na magamba makavu, huku katikati pakiwa kama panapona.

Katika kucha. Wafua nguo, wapishi na waosha vyombo, ambao mikono yao hukaa majini muda mrefu, huweza kuvimba nyama iliyoizunguka kucha, ikawa nyekundu na yenye kuuma. Mara nyingi kandida na bakteria hushirikiana katika ugonjwa huo.

Katika sehemu za siri za mwanamke. Dalili kuu ni mwasho mkali. Huandamana na wekundu na uvimbe wa mashavu ya uke, na pengine nyufa ndogo zinazochonyota. Mkojo ukipita juu ya ngozi iliyochubuka huunguza, nayo maumivu hayo huhisiwa nje, si ndani ya kibofu. Huweza kutoka ute mweupe mzito wenye mabonge, mfano wa maziwa yaliyoganda, usio na harufu kali. Lakini wagonjwa wengi hawana ute wa namna hiyo: wengine huwa na ute mwepesi, na wengine hawana kabisa. Dalili mara nyingi huzidi siku chache kabla ya hedhi.

Katika sehemu za siri za mwanamume. Kichwa cha uume huwa chekundu, huwasha, na huweza kuwa na madoa au utando mweupe chini ya govi. Hutokea zaidi kwa wasiotahiriwa na kwa wenye kisukari.

MAGONJWA YANAYOFANANA NAYO

Yafuatayo ndiyo yanayochanganywa na kandida ya ukeni mara kwa mara:

(a) Kuvurugika kwa bakteria wa ukeni. Bakteria wema hupungua na wengine huongezeka. Ute huwa mwepesi, wa rangi ya kijivu au nyeupe, na hutoa shombo kama ya samaki. Mwasho huwa mdogo au haupo. Huponywa kwa viuavijasumu, wala dawa ya kuvu haisaidii.

(b) Trikomona. Huletwa na kiumbe cha seli moja aitwaye Trichomonas vaginalis, anayeambukizwa kwa kujamiiana. Ute huweza kuwa wa manjano au kijani, wenye mapovu na harufu mbaya. Mwasho huweza kuwa mkali kama wa kandida. Mwenzi naye hutibiwa.

(c) Kisonono na klamidia. Haya ni maambukizo ya bakteria kwa njia ya kujamiiana. Kwa wanawake wengi hayana dalili yoyote, au huleta ute kidogo tu. Yasipotibiwa huweza kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuiachia makovu, na makovu hayo huweza kuleta ugumba.

(d) Maambukizo ya njia ya mkojo. Mgonjwa hubanwa na haja ndogo mara kwa mara, hupata maumivu chini ya kitovu, na mkojo huunguza ndani unapotoka.

(e) Mizio. Sabuni zenye manukato, marashi, dawa za kuoshea, na pedi au nguo za ndani zisizopatana na ngozi huweza kuleta mwasho usiohusiana na kijidudu chochote.

Tena, si kila ute ni ugonjwa. Tangu kubalehe, uke wenye afya hutoa ute mwangavu au mweupe, na wingi wake hubadilika kufuatana na siku za mwezi. Msichana asiyeelezwa jambo hili huweza kujitia wasiwasi na kutafuta dawa ya kitu kisichohitaji dawa.

MAABARA INAVYOAMUA

Kazi ya maabara hapa ni mfano mzuri wa kemia na biolojia ya sekondari zikitumika pamoja. Kwanza, ute hugusishwa kwenye karatasi ya kupimia uasidi, jamaa ya litimasi. Katika kandida, pH kwa kawaida hubaki 4.5 au chini yake. Katika trikomona na katika kuvurugika kwa bakteria, kwa kawaida hupanda juu ya 4.5. Kipande cha karatasi tu huanza kuwatenganisha watuhumiwa.

Pili, tone la ute huchanganywa na myeyusho wa potasiamu haidroksidi wa asilimia 10 juu ya kioo cha hadubini. Alkali hiyo huyeyusha seli za mwili, lakini kuta ngumu za kuvu hustahimili. Mtazamaji huona nyuzi na vichipukizi vimebaki peke yake kama nguzo za nyumba iliyobomolewa. Tone hilo likitoa shombo kali, ni ishara ya kuvurugika kwa bakteria. Tone jingine, lililochanganywa na maji ya chumvi, huweza kumwonyesha trikomona akiogelea.

Tatu, pakiwa na shaka, ute huoteshwa katika chakula maalumu. Seli zilizoota hutiwa katika majimaji ya damu na kuwekwa katika joto la nyuzi 37 za Selsiasi. Candida albicans huchipua mirija mifupi ndani ya saa mbili au tatu, na ndugu zake wengi hawafanyi hivyo.

Hata hivyo maabara nayo haina neno la mwisho ikiwa peke yake. Ikumbukwe kwamba wanawake 10 hadi 20 kati ya 100 wana kandida bila ya kuugua. Kuiona kuvu kwa mtu asiye na dalili si sababu ya kumpa dawa. Ugonjwa hutambuliwa pale dalili na vipimo vinapokubaliana.

Zahanati nyingi hazina hadubini. Huko waganga hufuata mwongozo wa kutibu kwa makundi ya dalili: huuliza maswali kwa utaratibu, humpima mgonjwa, kisha hutoa dawa zinazokabili maradhi yote yaliyo rahisi kudhaniwa. Njia hiyo si sawa na kubahatisha dukani, kwa maana imejengwa juu ya maswali ambayo mgonjwa hawezi kujiuliza peke yake.

PALE KANDIDA INAPOKUWA ISHARA

Mara nyingine jambo kubwa si kandida yenyewe, bali ni lile lililoifungulia mlango. Mwezi wa Juni 1981, idara ya afya ya Marekani ilichapisha taarifa fupi kuhusu vijana watano wa Los Angeles waliougua kichomi cha aina ya nadra. Wote watano walikuwa pia na kandida katika utando laini wa mwili. Taarifa hiyo ndiyo ya kwanza kuchapishwa kuhusu ugonjwa uliokuja kuitwa UKIMWI. Hadi leo, kandida ya kinywani isiyokoma kwa mtu mzima humpasa mganga kushauri kipimo cha virusi hivyo. Ikishuka hadi kwenye umio, chakula kikawa kinauma kinapomezwa, ni dalili ya kinga iliyodhoofika sana. Kwa kuwa leo zipo dawa za kufubaza virusi, kuitambua ishara hiyo mapema ni kuokoa maisha.

Vivyo hivyo, kandida inayorudi mara tatu au zaidi katika mwaka mmoja yataka uchunguzi, na mojawapo ya vipimo vyake ni cha sukari katika damu. Wako watu waliogundua kisukari chao kwa njia hiyo.

Hospitalini iko pia kandida inayoingia katika damu ya wagonjwa mahututi. Hiyo haina mwasho wala utando, bali homa isiyosikia viuavijasumu. Mwaka 2009 wataalamu wa Japani walieleza aina mpya waliyoipata katika sikio la mgonjwa, wakaiita Candida auris, kwa maana auris ni sikio kwa Kilatini. Aina hiyo hustahimili dawa nyingi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliiweka, pamoja na Candida albicans, katika kundi la kwanza la kuvu hatari zinazohitaji utafiti wa haraka.

DAWA NA MATUMIZI YAKE

Kwa miaka mingi utando wa kinywa ulipakwa dawa ya rangi ya zambarau, ijulikanayo kama GV. Hatua kubwa ilipatikana mwaka 1950, wakati wanasayansi wawili wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, walipotangaza dawa waliyoitoa katika bakteria wa udongo wa shamba moja la Virginia. Hazen alifanya kazi jijini New York na Brown mjini Albany, wakatumiana sampuli kwa posta. Dawa hiyo waliiita nistatini, kwa heshima ya jimbo la New York, na ingali inatumika. Baadaye zilifuata klotrimazoli, ambayo hupakwa au huwekwa ukeni, na flukonazoli, ambayo humezwa.

Dawa hizi huponya vizuri pale ugonjwa unapokuwa ni kandida kweli. Zikitumiwa kwa ugonjwa mwingine, mgonjwa hupoteza fedha na siku, na ugonjwa halisi huendelea. Kinyume chake ni kibaya zaidi: mwenye kandida akimeza viuavijasumu kwa kudhani ana maradhi ya bakteria, huongeza ule ule uharibifu ulioanzisha tatizo. Mama mjamzito hapaswi kumeza flukonazoli bila idhini ya daktari, bali hupewa dawa ya kuweka ukeni. Kitunguu saumu, ndimu, chumvi na dawa za kusafishia havipaswi kuingizwa ukeni, kwa sababu huunguza ngozi na kuwaua bakteria walinzi. Uke hujisafisha wenyewe, na nje yatosha maji safi.

Mtu aende kwa mganga bila kukawia ikiwa: ni mara yake ya kwanza kupata dalili hizi, ana mimba, ana homa au maumivu chini ya kitovu, ana vidonda au anatokwa na damu isiyo ya hedhi, ute una harufu mbaya au rangi ya manjano au kijani, au ametumia dawa na hakupona.

WAJIBU WA SHULE

Katika mabweni, msichana anayewashwa mara nyingi hunyamaza. Huogopa kuchekwa, au kudhaniwa amefanya jambo la aibu. Akishindwa kuvumilia huazima dawa ya mwenzake, hutumia nusu dozi, na kumwachia mwingine nusu iliyobaki. Hapo hutokea makosa mawili yenye mzizi mmoja. Mwenye kandida ya kawaida, iliyomjia pengine baada ya kumeza dawa ya kifua, huhukumiwa kuwa mzinifu, ilhali kandida haihesabiwi miongoni mwa magonjwa ya zinaa na humpata hata asiyewahi kujamiiana. Na mwenye kisonono hujiambia kwamba ni fangasi tu, huku mirija yake ya uzazi ikiharibika kimyakimya. Wote wawili wamedhulumiwa kwa kuwa dalili imegeuzwa hukumu.

Mwalimu wa biolojia anaweza kuzuia mengi kwa kipindi kimoja kilichoandaliwa vema, mbele ya wasichana na wavulana kwa pamoja, bila mzaha. Mlezi wa bweni naye anaweza kusaidia kwa kumruhusu mwanafunzi kwenda zahanati bila kumdai maelezo mbele ya wenziwe.

JARIBIO LA DARASANI

Kandida haifai kuoteshwa shuleni, lakini hamira ya jikoni yaweza kuiwakilisha. Chukua chupa nne. Katika ya kwanza tia hamira, sukari na maji vuguvugu. Katika ya pili tia hamira na maji vuguvugu bila sukari. Katika ya tatu tia hamira, sukari na maji baridi. Katika ya nne tia hamira, sukari na maji yaliyotoka kuchemka. Vika kila chupa puto mdomoni. Baada ya saa moja, linganisha ukubwa wa maputo. Kisha chukua tone kutoka chupa ya kwanza, litazame kwa hadubini, na uchore seli zinazochipua.

Wanafunzi wajadili maswali haya: Kwa nini mgonjwa wa kisukari hupata kandida kwa urahisi? Kwa nini viuavijasumu haviui hamira? Na ikiwa puto la chupa fulani halikujaa, je, hilo peke yake latosha kuthibitisha kwamba hamira imekufa, au kwanza yapaswa kuuliza maswali mengine? Mwanafunzi atakayelijibu swali hilo la mwisho kwa uangalifu amekwisha kujifunza namna ya kuusoma mwasho.